Mwololo Ananunua Bunduki ya Rangi

Mwololo aliingia katika duka la Kamene pale Kitengela Jumanne moja ya Februari, asubuhi, akasema anataka bunduki ya kupulizia gari rangi.

"Ya fundi ama ya nyumbani?" Kamene akamuuliza.

"Ya mtu ambaye hajawahi kushika."

Kamene alikuwa mama wa makamo aliyeuza rangi na msasa kwa miaka mingi, na wateja wake karibu wote aliwajua kwa madoa ya nguo zao. Huyu hakuwa na doa. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi, kucha zake fupi na safi. Kumbe alikuwa mtu wa maabara katika shule moja ya sekondari, kazi yake kupima asidi kwa matone na kuosha chupa baada ya wanafunzi kutoka.

"Uko na gari ngapi za kupiga rangi?"

"Moja tu. Yangu."

"Si upeleke kwa fundi? Hapa nyuma wako wengi. Siku tatu, nne, umemaliza."

"Nataka kujifunza," Mwololo akasema.

Haikuwa hiyo sababu. Tayari alikuwa amepeleka gari kwa mafundi wawili. Kila mmoja alilizunguka akiligongagonga kwa kidole, akafika kwenye mlango wa nyuma wa kushoto, ambao ulikuwa umebadilishwa, mweupe ilhali gari zima lilikuwa la rangi nyekundu iliyoiva, akauliza, "Hapa iligongwa na nini?" Wa kwanza Mwololo alimjibu. Wa pili alipouliza, Mwololo aliingia ndani ya gari akawasha injini akaondoka, fundi akabaki amesimama na tepu ya kupimia mkononi.

Liligongwa na lori, mwezi wa Oktoba, karibu na Isinya. Lori lilitoka kwenye barabara ya vumbi bila kusimama. Polisi waliandika kwamba Mwololo hakuwa na kosa lolote. Nyuma ya mlango ule alikuwa ameketi Ndanu, mtoto wake wa pekee, miaka sita, mkanda umefungwa vizuri. Alikata roho kabla hawajafika hospitali.

Mkewe, Linda, hakuwa nao siku hiyo. Alikuwa amebaki nyumbani akimalizia kushona sare za shule alizokuwa amewaahidi watu. Wiki mbili baada ya mazishi alifunga mkoba mmoja, akasema anaenda kwa mama yake Kajiado kupumzika kidogo. Novemba ikaisha, Krismasi ikapita, shule zikafunguliwa. Walizungumza kwa simu kila siku mbili au tatu. Umekula? Nimekula. Huko kumenyesha? Bado. Mwezi wa Januari Mwololo alijikaza akamuuliza atarudi lini. Linda akasema, "Mimi siwezi kuona hiyo gari hapo nje."

Mtu mwingine angemwambia aendelee kusema. Mwololo alishukuru kwamba hatimaye amepewa kitu ambacho mikono yake inaweza kushughulikia. Kama ni gari ambalo mkewe hawezi kuliona, basi litakuwa gari jingine.

"Kompresa uko nayo?" Kamene alimuuliza.

"Iko moja ya jirani. Ndogo, ya lita hamsini."

Kamene aliteremsha bunduki mbili kutoka ukutani akaziweka juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa nzito, inang'aa, na Mwololo akainyooshea mkono.

"Hiyo ndiyo kila mtu hutaka," Kamene akasema. "Lakini inakula hewa. Na hiyo kompresa yako, utapiga nusu ya mlango hewa iishe, usimame kungoja. Ukirudi, rangi imeanza kukauka, utaona mahali ulisimama. Hii nyingine haili hewa sana. Kwa mtu wa nyumbani chukua hii."

Ilikuwa nyepesi zaidi, yenye kikombe juu. Kamene aliufungua mdomo wa bunduki akamwonyesha tundu. "Hii ni milimita moja nukta tatu. Ni ya rangi na ile ya juu ya kung'arisha. Ile praima ya chini ni nzito, hiyo tafutia tundu kubwa, moja nukta nane hivi. Usilazimishe ipite hapa, itakuwa inatema tu."

Alimchagulia pia kichujio cha kuzuia maji yanayotoka kwenye kompresa, na barakoa ya mpira yenye vichujio viwili mashavuni. "Hii usiache. Hizo rangi zinaharibu kifua." Kisha akauliza, "Rangi gani?"

"Bluu."

"Bluu ni nyingi."

Mwololo aligeuza kurasa za kitabu cha rangi hadi Kamene akamhudumia mteja mwingine akamaliza. Hatimaye aliweka kidole kwenye bluu iliyotulia, karibu na rangi ya anga baada ya mvua. "Mama wa nyumba anapenda hii," akasema. Kwa kweli hakuwa na uhakika. Linda aliwahi kuwa na gauni linalofanana nayo, miaka mingi iliyopita, kabla hawajaoana.

Alinunua boneti kuukuu kwa wauza vyuma, akaisimamisha ukutani nyuma ya nyumba, akaanza kujifunza. Siku ya kwanza alikaribia mno, rangi ikatiririka chini kama uji. Siku ya pili alikaa mbali, ikatua kavu, ikakwaruza kama msasa. Alirudi kwa Kamene. Kamene alimwambia ashike umbali wa shibiri moja, mkono usizunguke kama wa mtu anayefagia, uende sawa na bati, na kila mpigo ufunike nusu ya ule uliotangulia. Mwololo aliandika yote. Alirudi tena kuuliza kwa nini uso wa rangi unafanana na ganda la chungwa, akaambiwa apunguze uzito wa rangi na aongeze hewa kidogo. Kwa wiki sita alienda dukani karibu kila Jumamosi. Boneti ile aliipiga rangi, akaikwangua, akaipiga tena, hata jirani yake Phylis, mwenye kompresa, akamuuliza kama ni biashara anafungua.

"Ni ya Mama Ndanu," Mwololo akamwambia. "Nataka akirudi aikute iko sawa."

Phylis alitaka kusema kitu. Badala yake akamsaidia kufunga neti ya kivuli kuzunguka gari ili vumbi lisiingie, kwa maana Kitengela upepo hauulizi mtu.

Katika likizo ya Aprili alifanya kazi yenyewe. Alisugua bodi nzima kwa msasa na maji, akabandika magazeti kwenye vioo, akanyunyizia ardhi maji ili vumbi litulie. Mlango wa nyuma wa kushoto aliuacha wa mwisho. Alipoufikia, mkono wake ulienda sawa kuliko mahali popote pengine. Alipiga mkono wa kwanza wa rangi, akangoja, akapiga wa pili, akangoja. Ndani ya ile barakoa alilia, na kwa kuwa hangeweza kujifuta bila kusimamisha kazi, hakujifuta.

Siku tatu baadaye gari lilikuwa bluu mwanzo hadi mwisho. Lilikuwa na dosari mbili tatu ambazo yeye peke yake alizijua. Jumamosi asubuhi alivaa koti akaendesha hadi Kajiado. Alipofika Isinya hakutazama pembeni.

Boma la akina Linda liko nje kidogo ya mji, nyumba ya mabati yenye zizi upande mmoja. Mama mkwe alikuwa ameketi nje akitunga shanga.

"Takwenya, yeyo," Mwololo akamwamkia kwa Kimaasai.

"Iko," mama akaitika, akalitazama lile gari, akaita jina la bintiye bila kuongeza neno.

Linda alitoka akijifuta mikono. Alikuwa amekonda. Hakumkumbatia. Alisimama akilitazama gari, na Mwololo, kwa kuogopa ule ukimya, akaanza kueleza. Alimweleza kuhusu ile bunduki nzito aliyotaka kununua na ile nyepesi aliyochaguliwa. Alimweleza kuhusu tundu la moja nukta tatu, maji kwenye kompresa, boneti ya mazoezi, ganda la chungwa. Alisema karibu na taa ya nyuma kuna mahali palitiririka kidogo lakini amepasugua, mtu hawezi kujua. Linda alimwacha aseme mpaka akaishiwa.

Kisha alizunguka gari taratibu, akafika kwenye mlango wa nyuma wa kushoto, akaweka kiganja juu yake, akaufungua. Mwololo hakuwa amepiga rangi kingo za ndani. Kwa mwanafunzi ni sehemu ngumu, na Kamene alimshauri aziache. Fremu yote ya mlango ilikuwa bado nyekundu. Kiti kilikuwa kilekile.

Linda aliufunga mlango polepole.

"Nilikuambia siwezi kuiona," akasema.

"Ndiyo maana nimeibadilisha."

"Nilidhani utaiuza. Nilikuwa nangoja uniambie umeiuza."

"Hukusema niuze."

"Hukuniuliza." Hakupaza sauti. "Baba Ndanu, wiki sita ulikuwa unaenda kwa huyo mama wa duka kila Jumamosi. Phylis aliniambia. Ukikosea unarudi unamuuliza, anakuonyesha. Kajiado ni karibu. Mimi nilikuwa hapa kila Jumamosi, na hukuja kuniuliza hata kitu kimoja."

Mtu hupigwa na neno akaona mara moja kwamba ni kweli, na hana pa kukimbilia. Mwololo aliketi chini palepale, kwenye changarawe, na koti lake la kanisani. Baadaye kidogo Linda naye akaketi, si karibu sana.

"Alisema nini?" Linda akamuuliza. "Hiyo siku. Alisema kitu?"

Ilikuwa miezi sita, na swali hilo lilikuwa bado halijaulizwa na mtu yeyote. Mwololo akamwambia. Alimwambia kwamba njiani Ndanu alikuwa akihesabu pundamilia, akafika saba, na wa nane wakabishana kama ni punda tu. Kwamba baada ya lori hakulia, alisema anasikia baridi, akauliza kama mama amemaliza kushona. Kwamba yeye alimjibu amemaliza. Linda aliinama akajifunika uso kwa leso, akalia kwa sauti ambayo mama yake aliisikia akaacha shanga, lakini hakusogea. Mwololo alitaka kumshika bega, akaona hajui kama bado anaruhusiwa.

Chai ilipoletwa walikunywa. Kaka yake Linda, Parsaoti, aliporudi na ng'ombe, Mwololo alimpa ufunguo akamwomba alitafutie gari mnunuzi, popote, asimwambie aliyelinunua ni nani. Liliuzwa Namanga kabla ya mwezi kwisha.

Baada ya hapo Mwololo alienda Kajiado kila Jumamosi. Wakati mwingine walimzungumzia Ndanu mpaka jua likaegemea magharibi, na hata kucheka kidogo. Wakati mwingine Linda alikuwa kimya, naye akakaa kimya pamoja naye, jambo alilokuwa amechelewa kujifunza. Mwezi wa Julai alikuta cherehani ya Linda imewekwa kwenye chumba cha mbele, na kibao kidogo nje kinachosema hapa tunashona sare. Alikisoma mara mbili.

"Hurudi," akasema.

"Sirudi, Mwololo. Si kwamba nakuchukia. Nikikuangalia namwona, na nikimwona siwezi kupumua. Nimejaribu."

Alikuwa amemwita Mwololo. Tangu Ndanu azaliwe hakuwahi kumwita kwa jina lake.

Agosti walihamisha vitu. Linda alikuja na Parsaoti na pikapu ya kukodi, wakapanga sufuria hizi huku na zile kule bila kubishana. Nguo za mtoto walizigawana wakiwa wamepiga magoti pande mbili za kitanda, gauni kwa gauni, na palipobaki soksi jozi moja, Linda alichukua moja akamwachia moja. Kisha akapanda pikapu. Mwololo alisimama langoni mpaka ilipokata kona, akarudi ndani, akachukua ufagio akaanza kufagia chumba ambacho tayari kilikuwa safi.