Kwaya kwenye Ngazi za Dharura

Munyiva alikuwa keateka, yaani mtunzaji, wa jengo moja la biashara Kitengela, kando ya barabara ya Namanga. Alikuwa ameweka mitungi ya kuzimia moto kila ghorofa na kubandika mishale ya kuonyesha njia ya kutokea. Shida ilibaki kwa Irungu. Huyu aliuza magodoro ghorofa ya chini, na yale yasiyoenea dukani aliyapanga kwenye ngazi za dharura za nyuma, mpaka juu.

"Baba Kimani, mkaguzi wa moto anakuja kesho," Munyiva alimwambia Irungu.

"Godoro si petroli, Munyiva. Mtu akianguka hapo si ataanguka vizuri?"

Alishamwomba kwa upole, alishamletea hata mwenye jengo, wapi. Basi akapanda hadi kanisa la ghorofa ya juu, ambako Ciku, mke wa Irungu, aliongoza kwaya.

"Mama Kimani, mmewahi kuimbia kwa zile ngazi za nyuma? Sauti inavuma, utadhani mko na maikrofoni."

Asubuhi kwaya ikashuka kujaribu. Sauti zote zilimezwa na magodoro. Ciku akasimamisha wimbo, akamwita mumewe kando. Walichoongea hakuna aliyekisikia, lakini muda si muda Irungu alikuwa akibeba magodoro kichwani kuyapeleka stoo ya shemeji yake, jasho likimtiririka. Munyiva alimshikia mlango kwa adabu nyingi.

Ngazi zikawa wazi. Kwaya ikaanza upya, na kweli sauti ikavuma. Ikavuma hivi kwamba waimbaji wakakataa kuondoka. Metito, yule mkaguzi wa moto, alipofika, walikuwa wamejaa kila daraja.

"Supa," Munyiva alimsalimu kwa Kimaasai, akijaribu kuziba mlango kwa mwili wake.

"Ipa. Wacha nione ngazi za dharura." Akachungulia juu ya bega lake. "Na hawa?"

Munyiva akabonyeza kengele ya moto.

"Ni zoezi," alisema. "Tulikuwa tunakungoja."

Kwaya haikujua habari ya zoezi lolote. Ilikata wimbo katikati ya ubeti, ikashuka mbio, besi wakiwapita soprano, na kufumba na kufumbua wote walikuwa uani wakihema.

"Wametoka haraka," Metito alikubali, akapitisha jengo. Kisha akamgeukia Ciku. "Lakini mama, hapa si mahali pa kuimbia. Hizi ngazi zinafaa kukaa tupu kila siku. Keateka hakuwaambia?"

Ciku alimtazama Munyiva. Akamtazama mumewe aliyesimama getini na godoro la mwisho kichwani. Akaelewa.

"Kumbe ulikuwa unanitumia nimtoe bwanangu kwa ngazi."

"Kidogo tu," Munyiva alisema.

Ciku alijaribu kununa, kicheko kikamponyoka. "Sawa. Jumapili uko soprano, mstari wa mbele."

"Lakini mimi sijui kuimba."

"Najua. Utajifunzia mbele ya watu."