Mkate na Chumvi wa Kapteni Lascar

Ukoo wa Balteanu ulikuwa na misitu, vinu vya nafaka, na makaburi ya mawe meupe. Lakini Lascar, mwana wa pekee wa ukoo huo, hakupenda kitu kama alivyopenda kuwinda watu angani. Alipanda ndege yake ya kivita amevaa glavu nyeupe na hariri shingoni, akashuka na masizi usoni na njaa ya simba, akidai ugali wa mahindi na jibini kama mkulima yeyote. Sheria yake ilikuwa moja, aliyoirithi kwa babu zake wawindaji: aliyeanguka hapigwi risasi. Kwa hiyo rubani adui akijitupa na mwavuli, Lascar alimpungia mkono, akamwacha ashuke.

"Mwinyi," Gavril Tudose, rubani mwenzake, humwambia, "ipo siku huyo unayempungia atarudi na ndege mpya."

"Akirudi nitamwangusha tena. Wewe kinakuwasha nini, mwana wa mchunga nguruwe?"

"Nguruwe wa baba yako, Mwinyi. Wangu aliwachunga, wako akawala."

Wakacheka wote wawili. Gavril aliruka ubavuni mwa Lascar akimlinda mgongo, na kule juu hapakuwa na bwana wala mtwana.

Miaka mitatu walipigana bega kwa bega na Wajerumani. Kisha, siku moja ya Agosti, redio ikatangaza kwamba nchi imegeuka: rafiki wa jana ndiye adui wa leo. Kulipokucha, katika uwanja wa ndege waliokuwa wakiutumia pamoja, Gavril alikuwa amemwelekezea bastola Kapteni Egbert von Rautenau, na nyuma ya Egbert marubani wake wamesimama mikono juu.

Egbert hakuwa Mjerumani wa hivi hivi. Majira mawili ya baridi alilala nyumbani kwa kina Balteanu, akawinda nguruwe mwitu na Lascar, hata akachora kichwa cha nguruwe kwenye pua ya ndege yake. Siku ya kwanza mama yake Lascar alimpokea kizingitini kwa mkate na chumvi. Aliyemega mkate huo akauchovya chumvini hawezi kukudhuru, nawe huwezi kumdhuru. Hilo hata mtoto mchanga wa nchi ile amelinyonya pamoja na maziwa.

"Tuwafunge," alisema Gavril. "Au tuwamalize. Mimi sichagui."

"Huyu mgeni wangu."

"Jana alikuwa mgeni. Leo je?"

Lascar aliagiza mkate na chumvi, vikaletwa pale pale uwanjani. Egbert alimega, akachovya, akatafuna taratibu. Kisha akaweka kiganja juu ya mtutu wa bunduki ya ndege yake, pale ambapo mafundi hubandika kitambaa chekundu kila asubuhi kuzuia vumbi, kitambaa ambacho risasi ya kwanza hukichana.

"Neno la Rautenau," alisema. "Bunduki zangu hazitatoa risasi hata moja juu ya nchi yako."

"Umesikia, Gavril?"

"Nimesikia. Sasa nisikie na mimi. Mke wangu Safta yuko mji mkuu, na mimba yake hiyo. Hawa wakirudi, nimdai nani?"

"Unidai mimi. Kichwa changu hiki hapa."

Gavril alishusha bastola. Wajerumani wakawasha injini, wakaruka, wakapotea upande wa magharibi.

Kesho yake mabomu yaliunyeshea mji mkuu. Gavril alikwenda kwa pikipiki, akarudi baada ya siku nzima, kucha zimeng'oka, vumbi la matofali limegandana na damu hadi viwikoni. Lascar alimfuata, asijue aanze vipi.

"Nilimpata hadi kiunoni," Gavril alisema. "Chini ya hapo sikumpata. Panda ndege, Mwinyi. Wanakuja tena."

Walizikuta ndege za mabomu juu ya uwanda, nzito kama ng'ombe wenye mimba. Lascar aliiingilia ya kwanza kwa mbele, akavunja kioo chote cha pua yake. Rubani wake akapasuka kama tikiti, ndege ikainama, ikaitumbua ardhi kwa mabomu yake yenyewe. Gavril aliikata ya pili bawa. Watu wawili walitoka humo wakiwaka moto, wakaanguka wakiwa bado wanawaka.

Ndipo marubani wa kuzilinda ndege hizo waliposhuka kutoka juani. Mmoja alikuwa na kichwa cha nguruwe puani mwa ndege yake.

Egbert alitikisa mabawa, kama walivyokuwa wakisalimiana siku zote. Lascar alimjibu kwa risasi.

Walizungukana kama mbwa wanaotafutana mikia. Kasi ya kona ilimshusha Lascar damu miguuni, macho yakaingia giza, akaurudisha mkono kwenye usukani kwa matusi. Mara mbili Egbert alimpata kwa nyuma, karibu kabisa, shabaha ambayo hata kipofu asingeikosa. Mara mbili hakupiga. Lascar aliwaka hasira mno hata asijiulize kwa nini. Katika mzunguko wa tatu alimkuta Egbert amegeuza ubavu, akamfumua mkia. Kifuniko cha kioo kiliruka, mtu akatoka, mwavuli mweupe ukafunguka.

Egbert, akining'inia, alimwona rafiki yake akija. Akampungia mkono. Aliijua sheria.

"Mpungie na wewe, Mwinyi!" Sauti ya Gavril ilikwaruza redioni. "Mpungie! Au kaa kando. Mimi sina babu mwindaji."

"Usimguse. Ni wangu."

"Utampiga?"

"Aliyeanguka hapigwi risasi."

Lascar aliondoa kidole kwenye kifyatulio. Kisha akageuza ndege, akapita juu ya mwavuli, chini, chini zaidi, hata kitambaa cha mwavuli kikalamba tumbo la ndege. Upepo wake uliukunja mwavuli kama tambara bichi. Egbert alishuka kama jiwe, miguu ikipiga hewa, mkono ule ule ungali juu, mpaka alizeti zikammeza.

"Ama kweli," Gavril alisema, "kabaila hata akiua ana adabu zake."

Walitua kwenye shamba la ngano iliyokwisha kuvunwa, kando ya alizeti. Egbert alikuwa ameingia ardhini hadi magoti, na mifupa ya mapaja imetoboa suruali yake, karibu na mkanda. Lascar hakumtazama usoni. Alitembea hadi kwenye ndege ya Egbert, iliyokuwa imelala kwa tumbo kati ya alizeti zilizovunjika, pua yake bado nzima.

Vitambaa vyekundu vilikuwa vimebandikwa juu ya mitutu. Vyote. Hakuna kilichochanika.

Gavril naye aliviona. Akakigusa kimoja kwa kidole kisicho na kucha.

"Alitimiza neno lake," alisema. "Hakupiga hata risasi moja. Aliwasindikiza tu wenye mabomu. Aliwalinda wasiguswe, mpaka wakamfikia Safta."

"Na mimi nimetimiza langu," Lascar alisema, akajisikia akisema kama Egbert. Kisha akachomoa bastola yake, akaishika kwa mtutu, akampa Gavril mpini.

"Limebaki neno moja. Nilikuahidi kichwa."

Gavril aliitazama bastola. Akaipokea, akaitupa mbali ndani ya alizeti. Halafu akamtandika Lascar ngumi ya mdomo.

Tangu ukoo wa Balteanu uitwe ukoo, hapajawahi kuwa na mchunga nguruwe aliyemgusa mmoja wao. Lascar alianguka chali. Alitema jino, kisha jingine, damu ikarukia glavu nyeupe.

Gavril alisimama juu yake, machozi yakimchuruzika bila sauti.

"Simama, Mwinyi," alisema. "Aliyeanguka hapigwi."

Lascar alizivua glavu, akazitupa. Akajizoazoa. Akasimama wima, mikono akaiweka nyuma.

Gavril akampiga tena.

"Simama."

Akasimama.