Ndizi za Mama Melania

Alfajiri Mama Melania alifukua shimo la kuvumbikia ndizi nyuma ya nyumba yake Rwamgasa, akapangusa majivu, akaziambia ndizi zisubiri. Siku hiyo ndiyo zilitakiwa kuwa za njano. Zikabaki kijani. Akajitwika, akaenda na wenzake mpaka lango la mgodi.

Bwana Stanslaus, mnunuzi wa chakula cha kambi ya mgodi, huwa hanunui asubuhi. Huwaacha wanawake juani mpaka ndizi zilegee, ndipo anatoka, anashika pua, anasema zimeoza, anazichukua kwa bei ya chakula cha nguruwe. Ndizi zilizolegea huwezi kurudi nazo Rwamgasa, zitakumwagikia kichwani. Stanslaus analijua hilo.

Mchana wa siku hiyo akatoka.

"Mama Melania, umeniletea ndizi za kupika?"

"Za kuiva, baba. Nimeziambia zisubiri."

"Zisubiri nini?"

"Bei."

Wanawake wakacheka, khanga mdomoni. Philomena, aliyekaa pembeni ya Mama Melania, akamuuliza kama na zake zingesikia.

"Si umezivumbika mwenyewe? Zinakujua. Ziambie."

Philomena akaziambia, kwa aibu kidogo. Madoa yakafutika, maganda yakakaza. Wengine nao wakainamia vikapu vyao, na lango zima likawa kijani.

Stanslaus akamwambia Jilala, askari wa lango, abebe vikapu vyote, vitaivia stoo.

"Mayu, mama yangu, nisamehe," Jilala alimwambia Mama Melania, akabeba.

Hazikuiva. Stanslaus alizifukiza moshi, akazifunika magunia, akazilalia mwenyewe. Wachimbaji walizitafuna, wakazitema. Akamwita Mama Melania.

"Ziambie ziive."

"Lipa bei ya asubuhi."

"Nitakufukuza hapa."

"Nifukuze. Hizo zitakaa."

Hakulipa. Zimekaa. Masika yamepita, zimo stoo, kijani, na panya wanazipita.

Stanslaus bado anatoka mchana. Wanawake bado wanakaa juani. Wapo waliochoka, wanaachia zao zilegee wapate chochote, na Mama Melania hawalaumu. Yeye anakaa mbele kabisa, miguu kanyoosha. Akitajiwa bei ya nguruwe anasimama, anajitwika, anarudi nazo. Nyumbani chumvi hamna, mafuta ya taa hamna. Anaita watoto wake na wa jirani, anaziambia ndizi ziive, zinaiva hapohapo. Wanakula gizani, wanashiba.