Wageni wa Ramani

Vijiko ndivyo vilivyosikika kwanza. Vilikuwa vingi, vikigonga bilauri kwa pamoja, na katikati ya mlio huo kikapita kicheko kinene cha mwanamume. Siraji aliitoa simu sikioni akatazama kioo. Jina lilikuwa lile lile: Mama. Akairudisha sikioni.

"Mama, uko harusini?"

"Harusi gani? Mimi iko nyumbani. Wageni wako iko hapa, watu saba. Sukari imekwisha, mikate ya gurusa imebaki tatu. Wewe unakuja saa ngapi?"

"Wageni wangu? Mimi sijaalika mtu."

"Usinichezee, mwanangu. Wanataka mashine ya vifaranga. Na leo kuna mmoja amevaa tai. Hacheki. Kila nikimmiminia chai, yeye anaandika kwenye daftari. Anasema anaitwa Ayiko."

Siraji alitafuta kitu cha kukalia, akakuta ndoo ya misumari, akaikalia hivyo hivyo.

Ilikuwa saa nne asubuhi, mtaa wa Mvara, mjini Arua, eneo la West Nile, Uganda, kwenye baraza la nyuma ya nyumba ya mzee Gauthier. Hapo ndipo yeye na msichana Kavira, mpwa wa mzee huyo, walipokuwa wakiunda mashine zao za kutotolesha mayai: sanduku la mbao, taa, feni ndogo na betri ya sola, mayai sitini kwa mara moja. Siraji alikuwa fundi wa mbao na nyaya. Kavira, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Kongo na mabunda ya vitenge, alishika kila kilichohusu intaneti. Baraza lenyewe lilikuwa limebaki mikononi mwao kwa siku chache tu. Mzee Gauthier alikuwa amempangisha mtu mwingine, na mwisho wa mwezi walitakiwa wawe wamehama.

Na mtu pekee aliyekuwa na mahali pa kuwapa ni huyo Ayiko. Alikuwa mkuu wa kituo cha wabunifu pale mjini, na alikuwa na chumba kimoja cha kutoa bure mwaka mzima kwa biashara changa. Sharti lake lilikuwa fupi: wamwonyeshe kwamba watu thelathini wamewapata wenyewe kwa kutafuta mtandaoni, bila tangazo la kulipia hata moja. Alikuwa ameahidi kuja kuiona karakana yao wiki hiyo, siku asiyoitaja.

Sasa alikuwa nyumbani kwa kina Siraji, Koboko, mwendo wa saa nzima kutoka karakana, akinywa chai ya mama yake, Mama Hawah.

"Kavira," Siraji aliita, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida. "Hebu fungua ile ramani yetu ya Google."

Kavira alifungua. Akatazama, akasogeza kidole, akatazama tena.

"Siraji. Hii ramani ulijazaka wewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Na alama ya biashara umeiweka Koboko? Kwenu?"

"Waliuliza niko wapi. Nikajibu kwetu. Mimi ni mtu wa Koboko, Kavira. Babu yangu alizikwa Koboko. Hapa Arua nimepanga chumba tu."

"Banauliza duka iko wapi, wewe unajibu babu alizikwa wapi!" Kavira alijishika kichwa. "Na namba ya simu? Mbona hakuna?"

"Mtu mwenye haja ya kweli hutembea."

"Basi batu batembea, ndugu yangu. Batembea mpaka kwa mama yako."

Kusema kweli, Kavira naye alikuwa na sehemu yake katika msiba huo, maana ndiye aliyewafanya waonekane. Alijifunza kazi hiyo kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na alikuwa na sheria moja: zana yoyote inayoomba kadi ya benki haigusi. Akabaki na za bure, na za bure zilimtosha. Ipo iliyomwonyesha maneno ambayo watu waliyaandika kabla ya kuufikia ukurasa wao. Ipo iliyopima ukurasa unafunguka kwa sekunde ngapi pale mtandao unapokuwa dhaifu. Ipo nyingine iliyokisia wafugaji huandika nini wanapotafuta kitu kama chao.

Zana hizo ndizo zilizowagombanisha mara ya kwanza. Kichwa cha ukurasa alikuwa amekiandika Siraji, kwa herufi kubwa: UHAI UCHAO NDANI YA GAMBA. Baada ya wiki tatu Kavira alimwonyesha kwamba ni mtu mmoja tu duniani aliyekuwa ametafuta maneno hayo.

"Leo mmoja, kesho elfu," Siraji alisema kwa fahari.

"Huyo mumoja njo wewe. Jumanne. Nilikuona."

Usiku huo huo Kavira alikifuta kichwa hicho, akaweka: Mashine ya kutotolesha mayai, inatumia sola, West Nile. Siraji hakumsemesha siku mbili. Ya tatu alirudi, akasema kwamba suala la kujiweka kwenye ramani, ambalo nalo lilikuwa bure, atalifanya yeye bila kushikwa mkono. Alilifanya. Hata video ya kuthibitisha mahali aliipiga siku ya Idi, amesimama na kanzu mbele ya lango la baba yake.

Kuanzia hapo hesabu zikapanda. Watu sitini na nne waliomba kuonyeshwa njia ya kufika. Siraji alitembea Mvara nzima kifua mbele. Hakuna hata mmoja aliyetokea barazani, lakini hilo halikumtikisa. "Wanajipanga," alisema. Mama yake alikuwa amemwambia mara mbili kwa simu kwamba wageni wake wanakuja, naye akadhani ni binamu zake.

"Na maoni ya wateja, ulisoma?" Kavira aliuliza.

"Niliona nyota tano. Nyota tano zinasomwa nini zaidi?"

Kavira akasoma kwa sauti. "'Nyota tano. Mama mkarimu sana, gurusa ya moto. Mashine sikuiona, nitarudi.' 'Nyota tano. Chai ya tangawizi. Huondoki bila kuombewa dua.' 'Nyota nne. Jogoo wa hapo ana hasira.'"

Kavira alitaka kukasirika, lakini jogoo alimshinda. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akakumbuka chumba cha Ayiko, akaenda kuwasha pikipiki.

Wakafunga mashine moja nyuma. Kavira ndiye aliyeendesha kwa sababu pikipiki ilikuwa yake, na Siraji, aliyejivunia kuwa mjukuu wa askari, alipita katikati ya Arua akiwa amebanwa kati ya mgongo wa msichana na sanduku la mayai, akiomba asionekane na mtu anayemjua. Walimsalimia wanne.

"Tutasema ni tawi," alipiga kelele upepo ukimjaa mdomoni.

"Tawi ya nini? Ya chai?"

"Tawi la Koboko! Ofisi ya mpakani!"

Kavira akaongeza mwendo. Siraji aliipanga hotuba hiyo njia nzima, akaipamba, akaipenda.

Walipofika, wageni walikuwa wameenea kwenye mikeka barazani, viatu vimejipanga mlangoni. Mama Hawah alikuwa akizunguka na birika, mtandio umemwanguka mabegani, uso wake ukiwa na furaha ambayo Siraji hakuwa ameiona tangu walipomzika baba. Ayiko alikaa pembeni kwenye kiti pekee chenye mgongo.

"Ndiye huyu?" mgeni mmoja mnene aliuliza, na Siraji akakitambua kile kicheko cha kwenye simu. "Mimi Tombe, kutoka Yei, ng'ambo ya mpaka. Hii ni mara yangu ya pili. Mara ya kwanza nilikula tu."

Watu wakaangua kicheko. Ayiko hakucheka.

"Bwana Siraji," alisema, "mimi mwenyewe nimeifuata ramani yenu mpaka hapa. Nimezunguka nyumba. Nimeona kuku, nimeona jiko, nimeona jogoo. Karakana iko wapi?"

Hotuba ya tawi ilikuwa tayari kwenye ulimi. Siraji alivuta pumzi. Akamwona mama yake amesimama na birika hewani, akimsubiri mwanawe awajibu watu wake, na watu wale wote waliokuja kutoka mbali wakimtazama kwa imani.

"Karakana iko Arua, Mvara," alisema. "Hapa hapajawahi kutengenezwa mashine hata moja. Alama hii niliiweka mimi. Kavira hana kosa. Niliulizwa biashara iko wapi, nikajibu kwa majivuno yangu. Mmesafiri bure kwa sababu yangu, na mama yangu amewalisha kwa sababu yangu. Nisameheni."

Kwa Siraji, maneno hayo yalikuwa mazito kuliko mbao zote alizowahi kubeba.

Ayiko alifunga daftari. "Asante kwa kusema kweli. Lakini sharti ni watu thelathini waliowapata. Watu waliopotea siwezi kuwahesabu."

"Nani amepotea?" Mama Hawah aliweka birika chini. "Baba, mimi naweza kuacha mgeni anatoka bure bila jina lake? Ngoja."

Aliingia ndani, akatoka na daftari la shule. Ayiko alilifungua, akaligeuza, akaligeuza tena. Lilikuwa limeandikwa kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia, kama Mama Hawah alivyofundishwa madrasa utotoni. Hati nyingine hakuijua. Kavira naye alichungulia, akatikisa kichwa.

"Soma wewe," mama alimwambia Siraji.

Siraji akasoma. "Tombe, wa Yei, mayai mia moja na ishirini, simu..." Akashuka mstari wa pili. "Aliga, wa Dadamu, mayai sitini. Alipita Arua, akafika huku." Watu wakacheka tena. "Basile, wa Ariwara, mashine mbili. Sulemani, Yumbe, anataka kujua ikizimika betri inakuwaje." Kila jina lilikuwa na mji wake, namba yake na haja yake. Alipofika la thelathini aliinua macho akamtazama Ayiko. Majina yalikuwa bado yanaendelea. Yaliishia thelathini na nane.

Ayiko alichagua namba moja ya katikati, akapiga, akaweka spika.

"Nani?" sauti ya mwanamume ilijibu.

"Napiga kutoka kwa Mama Hawah, Koboko. Ulipajuaje hapa?"

"Nilitafuta kwenye Google, mashine ya mayai ya sola. Mbona, iko tayari? Semeni nije leo!"

Ayiko alikata simu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo pembe za mdomo wake zilisogea. Akachukua kipande cha gurusa kilichokuwa kimepoa mbele yake tangu asubuhi, akakila chote.

"Chumba ni chenu kuanzia Jumatatu," alisema. "Na hiyo alama muirekebishe leo."

Kavira alimrukia Siraji shingoni, kisha akakumbuka yuko mbele ya mama wa watu, akajirudisha. Tombe tayari alikuwa amefungua sanduku na kuingiza kichwa ndani. Siraji alitoa simu yake, akatafuta alama ile ili aihamishe.

"Sasa mnaifuta?" Mama Hawah aliuliza. Alikuwa akikusanya bilauri, hakuinua macho. "Si kitu. Ila tangu baba yako aondoke, lango hili linafunguliwa na mimi peke yangu. Mwezi huu nimechoka, miguu imevimba. Lakini nimecheka."

Kidole cha Siraji kikasimama. Akamtazama Kavira.

"Ramani haikubali pahali bila mutu wa kazi," Kavira alisema polepole. "Ukitaka hii ibakie, lazima mutu wa mashine akuwe hapa. Hata siku moja tu kwa wiki, lakini kweli kweli."

Siraji alimpokea mama yake sinia la bilauri. Akasema kwa sauti ya kufika mpaka mkeka wa mwisho.

"Mama, hawa wote ni mashahidi. Ya Arua nitaiweka Arua, lakini hii haiondoki. Nitaiandika jina lako, na namba yangu ya simu. Kila Jumamosi nitakuwa kwenye baraza hili na mashine zangu, tangu asubuhi, na yeyote atakayeletwa na simu atatukuta wote wawili, mimi na wewe."