Mkono Ulioteguka

...na mkono wenyewe si huu hapa, unaruka toka mwisho mmoja wa piano hadi mwingine kama paka aliyekanyagwa mkia, mkono alioambiwa umeteguka, na yeye dada mtu ameketi ubavuni, mbele ya ukumbi uliojaa, anageuza kurasa, maana aliombwa, "Dada, nigeuzie kurasa tu leo," akakubali, nani angekataa, mdogo wake wa tumbo moja, aliyemleta mwenyewe kwenye chuo hiki cha muziki... shahada yake ya uzamivu inadai maonyesho mawili ya kuimba mbele ya jopo kabla hujaandika hata mstari wa tasnifu, la kwanza alishaimba, mdogo wake akimpigia piano, la pili lilikuwa liwe mwezi jana, na wiki ile ile mdogo mtu akaja na bandeji, "Kifundo kimegoma, Dada, tuahirishe mpaka mwakani," naye akakikanda kwa maji ya moto, akamkatia hadi nyama kwenye sahani, mjinga yeye, na leo bandeji iko wapi, anampigia msichana wa mwaka wa kwanza, na msichana anaimba, tuseme ukweli, anapanda juu bila kukunja uso, ile noti ya juu kabisa imekaa yenyewe, haisukumwi... "Usiilazimishe," mwalimu wa sauti alikuwa akimwambia yeye, dada mtu, kila somo, halafu akaacha, akawa anaangalia dirishani, aliacha lini?... na mdogo wake siku hizo, kila wakikaribia pale pa juu, anasimamisha piano, anatafuta maji, "Ngoja ninywe kidogo, Dada, tutaparudia," na hawakuparudia... hakuwa na kiu. Mungu wangu, hakuwa na kiu. Na siku ile alipoingia darasani hao wawili wakanyamaza, mwalimu akasema, "Tulikuwa tunaongelea mkono," mkono gani, walikuwa wanaongelea koo lake, wakapanga wao kwa wao jopo lisije likamwangusha, asiaibike, kama mgonjwa anayefichwa ugonjwa wake huku kila mtu akimtengenezea mto... ingekuwa wivu angemtukana, ingekuwa hila angemzaba kofi yaishe, lakini huruma unaifanya nini, huruma ya mtoto uliyembeba mgongoni, aliyekuangalia usoni akasema "aah, inauma" ulipomgusa... mdogo wake anatikisa kichwa, ukurasa, yeye anainuka, anageuza, anaketi... kesho ataomba tarehe yake ofisini, ataimba na mpiga piano baki, asiyemjua wala kumpenda, na ile noti ikivunjika ivunjike, wenzake wote wameshaisikia ikivunjika, amebaki yeye tu... msichana bado anaimba, ukumbi umetulia, "Asante, Dada," ananong'ona mdogo wake bila kugeuka, kwa sauti laini, laini kabisa, ile ile aliyotumia kumwambia kwamba inauma.