Kiti cha Fundi Saa

Jumanne saa nne asubuhi, Mama Nukta alikuwa amekaa mbele ya karatasi mbili na kalamu nyekundu. Jina hilo alilipata hapo hapo kwenye kiwanda cha kuchapa kadi, kwa miaka ishirini na sita ya kusahihisha maandishi ya watu. Ukisahau nukta, atakutafuta mpaka kwenye foleni ya chai. Kila karatasi ilikuwa na shairi la kadi ya rambirambi, na kila shairi lilitungwa na programu tofauti ya kompyuta. Kazi yake ilikuwa kuyalinganisha, aseme ni programu ipi inunuliwe. Fomu ilikuwa na swali moja tu la kuumiza kichwa: ubunifu, alama ngapi kati ya kumi?

"Ubunifu ndio nini hasa, Meneja?" aliuliza.

Meneja alimpenda Mama Nukta kama mzazi wake. Hata mto aliokalia Mama Nukta pale kazini, meneja ndiye aliyemnunulia. Alifikiri kidogo. "Ni kile ambacho hakijawahi kusemwa na mtu. Ngoja nikusomee, utaona mwenyewe."

Akasoma shairi la programu ya kwanza. Lilikuwa na nyota, machozi na mishumaa, vyote mahali pake, na hakuna kilichotokea. Akasoma la pili:

"Ukichoka huko uliko, rudi,
kiti chako hakijakaliwa."

Mlango ukafunguliwa, akaingia mume wa Mama Nukta, fundi saa, aliyefariki miaka minane iliyopita. Alikuwa na kofia yake ya kahawia. Alisalimia, akatazama saa ya ukutani, akairudisha nyuma dakika mbili.

"Leo si Ijumaa," alimwambia mkewe.

"Najua, mzee wangu. Si mimi niliyekuita."

Mistari hiyo aliitunga Mama Nukta kwa ajili ya kijitabu cha mazishi ya mumewe, kikachapwa hapo hapo kiwandani. Kila Ijumaa jioni aliisoma kwa sauti ya chini nyumbani kwake, na mumewe alikuja kunywa chai. Majirani walishazoea, wengine walimletea saa zao azitazame.

"Meneja, haya ni maneno yangu. Programu imeyatoa wapi?"

Meneja hakuficha. Mwezi uliopita programu ilisomeshwa vijitabu vyote vya kabatini ili ijifunze. "Vyote, Mama. Sasa itakumbuka vipi kipi ni cha nani?" Akamvutia marehemu kiti. "Lakini si umeona lilivyo na nguvu? Lile la kwanza halikuleta mtu." Akaandika kumi kwenye fomu kwa mkono wake, na kwenye nafasi ya mtunzi akaweka jina la programu.

Ilimuuma Mama Nukta, tena sana. Alisema hivyo waziwazi, na meneja akamletea chai.

Kadi zilitoka wiki iliyofuata, watu wakazigombania. Ijumaa Mama Nukta alisoma mistari yake mara tatu na chai ikapoa. Fundi saa alifika Jumamosi adhuhuri, viatu vimejaa vumbi.

"Nimepita nyumba arobaini," alisema. "Kila anayesoma ile kadi, naitwa mimi. Ni watu wazuri, ila wanamngoja mtu wao. Wakiniona wanavunjika moyo. Basi nawatengenezea saa, naondoka."

"Kiti wanakupa?"

"Baadhi."

Mama Nukta alimmiminia chai, akamvua viatu, akaanza kuvipangusa. Asubuhi nzima alikuwa ametunga mistari mingine, na hakuiandika popote. Alitaka kumwambia sikioni, ili akiisikia ajue ni nani anayemwita.

"Hebu sikiliza, mzee wangu," alisema, akainama.

Mahali fulani mjini mtu akafungua bahasha na kusoma. Kiti kikawa kitupu. Mzee alikuwa ameondoka miguu mitupu, na kiatu chake kimoja kilikuwa bado mikononi mwa mkewe.

Mama Nukta alimaliza kukipangusa, akakiweka pamoja na mwenzake. Kisha akafunika kikombe kwa kisahani, akakaa kusubiri zamu yake.