Mita Mia Tano na Moja

Jumanne saa nne asubuhi Rabih, mkaguzi wa machimbo kutoka Beiruti, aliegesha gari kijijini Ain Kurum, akachomeka utepe wa kupimia ukingoni mwa machimbo ya mawe, akaanza kutembea. Kanuni ilikataza kuchimba karibu na nyumba ya mtu chini ya mita mia tano. Kibali cha machimbo kilikuwa cha miezi mitatu, na huu ulikuwa mwaka wa kumi na mbili kinaongezwa muda.

Utepe ulimfikisha mlangoni kwa Um Nasif, mjane.

"Ngapi?" akauliza mama.

"Mia tano na moja."

"Haya," akasema, akaenda kubandika kahawa.

Machimbo yakisogea, nyumba yake hurudi nyuma. Baruti ikilipuka tu nyumba inaondoka polepole, pamoja na mtini wake na tangi la juu ya paa, bila kuvunja kikombe. Muuza mkate siku hizi huuliza kwanza dukani imefikia wapi. Um Nasif aliwahi kuifunga kwa mnyororo kwenye mti wa mwaloni. Ikaondoka na mwaloni. Aliisihi isimame siku moja tu, ipimwe pungufu, machimbo yafungwe. Wapi! Aliyeijenga ni marehemu mumewe, mtu aliyeogopa serikali mpaka akaingia kaburini, na nyumba ikarithi woga wake.

Sasa nyuma ya nyumba lilibaki korongo tu, na chumba cha jiko kilikuwa tayari kinaning'inia hewani.

"Ustadhi, nikimwaga maji ya vyombo siyasikii yakitua."

"Naona, mama. Ila korongo ni la idara nyingine. Mimi ni wa umbali."

"Basi andika kwamba nyumba inakimbia."

"Fomu haina mahali pa kuandika hilo."

"Na hapo kwenye maoni?"

Rabih aliona haya. Alikunywa kahawa mpaka mashapo, kisha akaandika: *Mwenye nyumba anatoa ushirikiano.* Akagonga muhuri wa miezi mitatu mingine, akashukuru, akaondoka.

Um Nasif alichoka hata hakuweza kukasirika. Saa sita baruti ikalipuka. Alishika fremu ya mlango, akasubiri nyumba imalize kurudi, akaenda kuangalia upande wa korongo. Jioni alikokota kitanda hadi sebuleni, maana baada ya jiko, chumba cha kulala ndicho kilichokuwa kinafuata.